Maji ya Jumamosi

Kesi ya mto Lufwisi niliitatua mimi kabla ya polisi, na mtu yeyote aliyekuwa na akili zake kijijini Ilolesya mwaka 1956 atakuambia hivyo. Atakuambia pia kwamba muuaji niliyemtaja hakuwa muuaji, na kwamba siku ukweli ulipotoka nilikuwa nimelala nyumbani, shavu limefura kwa jino. Kwa hiyo nayasimulia hapa kama nilivyoyapata kwa waliokuwa na meno mazima. Pale walipobishana, nimemwamini aliyenipa chai.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, kengele ya saa mbili imekwisha kulia. Ilolesya ni kijiji cha mlimani, juu ya barabara ya Mbeya kwenda Mbalizi, na Lufwisi ni mto mdogo unaokatiza katikati yake. Kiangazi maji hayampiti mtu mzima goti. Watoto wa shule waliteremka kwa kelele, wana reki za miti na vikapu vibovu, kwenda kusafisha mto kama kila Jumamosi. Mbele alikuwa Damari, msichana wa darasa la nne ambaye sauti yake ilimtangulia kila alikokwenda. Alipofika kwenye daraja la magogo akaona gunia limenasa kwenye nguzo. Akawaambia wenzake kwamba Anyitike ametangulia tena, amejaza gunia lake, na sasa amejificha mahali ili asifiwe. Akaingia majini akalivuta. Gunia lilikuwa zito. Kamba yake ilikuwa imezungushwa kwenye kifundo cha mkono wa Anyitike, na Anyitike alikuwa chini yake.

Alikuwa na miaka tisa.

Hatua chache kutoka darajani, upande wa juu wa mto, kuna jiwe pana la kufulia. Mama yake, Lea, alikuwa pale, maji yakimchuruzika kwenye nguo, amekumbatia shuka aliyookoa. Muda mfupi kabla ya hapo mto ulikuwa umeumuka ghafla, ukapanda mpaka juu ya jiwe, ukamzolea nguo alizokuwa akifua. Alikimbiza shuka moja akaipata. Mwanawe alikuwa amempita karibu, ndani ya maji yaleyale, naye macho yako kwenye shuka.

Watu walisema mvua imenyesha juu mlimani. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa kule, kweli. Lakini jumbe wa kijiji alikuwa mwoga wa maiti zisizo na karatasi, akatuma mtu Mbeya, na mchana akaja Koplo Kalinga. Alikuwa mtu wa Nyololo, upande wa Iringa, amehamishwa karibuni kutoka Igawa alikokuwa akikamata wezi wa ng'ombe. Mrefu, sauti ya chini. Baiskeli yake ilikuwa na kengele lakini haikuwa na breki, kwa hiyo watu wa mteremkoni walijua mapema kwamba serikali inakuja.

Alianza na mwalimu, maana wote walimnyooshea yeye kidole. Mwalimu Yotamu alikuwa kijana, amekaa darasani peke yake, suruali bado imekunjwa hadi magotini.

Koplo alimwuliza nani aliwaamuru watoto kwenda mtoni. Mwalimu akajibu kwamba hakuna aliyeamuru, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi. Mwaka uliopita kuhara damu kulizika watoto wengi wa Ilolesya, na dresa wa zahanati akasema ni maji: watu wanatupa mtoni makopo, vyungu vilivyovunjika, magogo ya migomba, hata mbwa waliokufa, kisha wanachota hapohapo. Mwalimu akawaomba watoto wajitolee. Jumamosi ya kwanza hakuja hata mmoja. Jumatatu walimfuata kwa woga kumwuliza wamekosa nini, kwa sababu pale shuleni kazi ya mikono ilikuwa adhabu na hawakuwahi kusikia adhabu ya hiari. Jumamosi ya pili akaingia mtoni mwenyewe na suruali amekunja. Miguu yake ni myembamba mno. Habari zilienea, watoto wakaja kuitazama, na waliokuja kutazama wakapewa reki. Akaweka sharti moja: utakachokitoa mtoni, ukikipenda ni chako. Tangu hapo ikawa kuwazuia ndiyo kazi.

"Na Anyitike?" Koplo akauliza.

"Huyo alitangulia kila mara. Alitaka tukifika tukute amejaza gunia."

"Leo mlikuwa msafishe wapi?"

"Kona ya matete, kule juu ya mto, ukipita mkuyu. Hatujawahi kufika huko. Nilitangaza kanisani Jumapili, wazazi wajue." Mwalimu akaanza kukunjua suruali. Kisha akasema kwamba mkaguzi wa misheni ameshamwambia asiingie darasani mpaka kesi iishe, na kwamba yeye haombi kurudi. Anaomba tu kujua kama ni yeye aliyemuua mtoto.

Koplo akafunga daftari, akaenda kwa mama wa mtoto.

Alimkuta Lea nyumbani kwake, katikati ya wanawake wa msiba. Alisikia mapema kwamba ni mtu wa kwao Nyololo, aliyeolewa huku na Jailos, na kwamba Jailos yuko kusini kwenye machimbo, hajui kitu. Akainama mlangoni akasema, "Kamwene, dada." Lea hakuwa amesikia salamu ya kwao siku nyingi. Akaitikia, ndipo akalia.

Alieleza kwa mpangilio, kama mtu anayeogopa kwamba akiruka neno moja mtoto atakufa mara ya pili. Aliamka jua halijachomoza. Akapika uji wa mzee, baba yake Jailos, ambaye ni mjane na analala shambani kwenye vitunguu vyake kule juu. Akautia kwenye kibuyu, Anyitike akaupeleka kama kila siku. Ni kibuyu kimoja tu. Mtoto hukiacha asubuhi na kukirudisha jioni. Kurudi kwake huacha njia pale chini ya kona ya matete, akashuka humohumo mtoni, maana maji ni ya kwenye kifundo. Safari hii alibeba na gunia. Yeye Lea akaenda kufua.

"Tangu jua linachomoza sikushuka juu ya jiwe," akasema, "mpaka maji yanakuja."

"Maji yalikaa muda gani?"

"Hayakukaa. Yalikuja meusi, yananuka tope, yakaondoka. Shuka nimeishika huku, naangalia mguuni, mto umesharudi kuwa mdogo."

Koplo akauliza kama uji ulifika. Lea akasema hapana, mzee amesema hakuuona. Hakumwambia yeye, alimwambia Mama Tekla, jirani, na Mama Tekla akaleta maneno. Amesema hata uji wake siku hiyo mto umeuchukua.

"Mmegombana na mkweo?"

"Hapana. Ni adabu ya huku. Hatusemezani."

Koplo alifikiri anaelewa. Kwao Nyololo pia mkwe huheshimiwa, mtu hupunguza maneno mbele yake. Akapita juu ya jambo hilo, na kupita kwake kulimgharimu wiki nzima.

Alipotoka, Mama Tekla alimsindikiza, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ukoo wa Jailos umekwisha kaa. Wamesema mwanamke ndiye aliyemruhusu mtoto kwenda kwenye kazi ya mtoni, na alikuwa palepale akamwacha apite. Matanga yakiisha atarudishwa Nyololo. Jailos atarudi kutoka kusini, hana mtoto wala mke.

Jumapili walimzika. Watoto wa shule walikuja na reki zao, hakuna aliyewaambia wazilete, wakasimama nazo kando ya kaburi kama askari wa nchi maskini.

Jumatatu Koplo alipanda mto kwa miguu, kutoka darajani, akapita jiwe la kufulia, akapita mkuyu, akaingia kwenye kona ya matete. Mafuriko ya mvua, alikuwa akijisemea, huja mekundu na hukaa nusu ya siku. Haya yalikuja meusi na hayakungoja shuka kukamuliwa. Ndani ya kona ile alikuta jibu. Chini ya maji kulikuwa na mashimo yamepangwa kutoka ukingo huu hadi ule, midomo yake bado mikali. Kwenye matete, usawa wa kifua chake, kulikuwa na mstari wa tope mahali maji yalipokuwa yamesimama siku nyingi. Palikuwa na banio: miti imesimikwa, imejazwa magogo ya migomba na udongo, maji yakazuiwa yakaingia kwenye mfereji wa mtu. Na mtu huyo alikuwa amelitoa lote mara moja.

Mfereji ulikuwa umefukiwa upya kwa majani. Haukuonyesha unakwenda upande gani, na kule juu kulikuwa na watu wawili wanaotaka maji. Mmoja alikuwa Mika, mfyatua matofali. Mwingine alikuwa Mzee Eliezeri, babu yake Anyitike, mwenye vitunguu.

Mzee Eliezeri alimpokea vizuri. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu safi, asiyetupa kitu: misumari iliyopinda aliinyoosha, kamba fupi aliziunga, na kibanda chake cha shambani kilikuwa na kila kitu kwenye nguzo yake. Alimpa Koplo kigoda, akatungua kibuyu nguzoni, akammiminia maji. Kilikuwa kibuyu kizuri, ubavuni kimechorwa samaki kwa waya wa moto, samaki mwenye tabasamu. Koplo akanywa, akashukuru, akampa pole, akamweleza habari ya banio.

Mzee akashika kichwa. Akasema kuzuia mto ni dhambi, na kwamba mwezi wa nane yeye mwenyewe alisimama kwenye baraza la jumbe, wanawake wa chini walipolalamika maji yamepungua, akataka yeyote atakayeonekana amezuia maji atengwe kwenye meza ya Bwana. Jumbe alikuwa shahidi. Kisha akasema, kama mtu anayevutwa neno, kwamba hapendi kumsema jirani.

"Sema tu, mzee," Koplo akamwambia.

"Jumamosi asubuhi nilitoka hapa mapema, kuna kikao cha wazee kanisani. Nilishuka njia ya mtoni. Nikapita mkuyuni, nikapita kwenye jiwe la kufulia, nikavuka daraja. Pale mkuyuni nilipishana na Mika. Anapanda, ana jembe begani. Sikufikiri kitu. Nilipokuwa kanisani ndipo tukasikia kilio."

Koplo akaenda kwa Mika. Mika alikuwa mnywaji, haendi kanisani, na mwezi mmoja nyuma aliwatukana watoto mbele ya watu kwa sababu walifukia shimo lake la udongo ukingoni wakidhani wanatengeneza mto. Aliwaambia mto huo utakuja kuwala. Na katikati ya kuni za tanuru lake Koplo alikuta miti ya miwati, imechongwa ncha, ncha zote nyeusi kwa tope. Hakuna uliovunjika, na kamba zake zilikuwa zimefunguliwa, hazikukatwa. Miti inayozidiwa na maji huvunjika. Hii ilichomolewa kwa mkono.

Mika alisema aliikuta Jumamosi imelundikwa kando ya njia ya tanuru. Aliulizwa kwa nini aliichukua.

"Bwana Koplo, wewe ukikuta kuni njiani unauliza mama yake nani?"

Alisema pia kwamba Jumamosi hakupanda kokote, alikuwa anachochea tanuru, na tanuru likiwashwa haliachwi. Lakini hakuwa na mtu wa kumshuhudia. Koplo akamtia pingu. Kijiji kizima kikasema tulijua, na mimi, shavu au bila shavu, nilisema kwa sauti kuliko wote.

Siku zilizofuata Koplo hakulala vizuri mjini Mbeya. Kilichomsumbua ni ile miti. Ilikuwa imetolewa kwa uangalifu mno. Mlevi mwenye hasira angepiga banio kwa jembe liende na maji. Aliyelitoa banio la Lufwisi alifungua kila fundo la kamba, akachomoa mti mmoja mmoja. Tena tofali la Mika linataka maji kila siku. Shimo lake Koplo alilikuta limekauka, limepasuka. Banio la nani hilo, lisilompa mwenyewe tone?

Jumamosi akarudi Ilolesya, kwa miguu, baiskeli imeshindwa na miteremko. Akakuta watoto wamekaa darajani na reki zao. Hakuna aliyewaita. Mwalimu Yotamu amesimama mbali kidogo kwa sababu amekatazwa kuwafundisha, naye hakuwa na uhakika kama kusimama ni kufundisha. Hawakuingia majini. Walikuwa wanayatazama.

Juu kidogo, Lea alikuwa kwenye jiwe, anafua nguo za mtoto ili azigawe. Kichwa wazi, mgongo umeinama. Mara akainua macho kuelekea mkuyuni. Akaacha nguo, akarukia ukingoni, akavuta kanga kichwani hadi usoni, akazama kwenye migomba. Kaptura ndogo ya kaki ikaelea ikaenda zake. Baadhi ya watoto wakaanza kucheka, kicheko cha mazoea, kisha wakakumbuka, kikakatika.

Mzee Eliezeri akatokea kwenye njia ya mtoni. Akapita jiwe, akavuka daraja, akawapungia watoto mkono, akaenda zake kanisani. Baada yake Lea akatoka kwenye migomba, akarudi juu ya jiwe, akaanza kuhesabu nguo zilizobaki.

Koplo akachuchumaa karibu na Damari. "Yule mama amekimbia nini?"

"Mkwewe," Damari akasema. Akashangaa mtu mzima kutojua. "Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Hapishani naye. Akimwona hata mbali anaingia migombani, anajifunika mpaka apite. Hata kama ana chungu kichwani anakiweka chini."

"Hata Wakristo?"

"Wengine wameacha. Mama Anyitike ni mgeni, ndiyo maana hakosei." Akafikiri. "Sisi tunamwita kengele. Akikimbia tunajua Mzee Eliezeri anakuja, tunaacha kurushiana tope. Anyitike alikuwa anachukia tukimcheka mama yake."

Koplo alibaki amechuchumaa, akayarudia maneno ya Lea moyoni. Tangu jua linachomoza sikushuka juu ya jiwe, mpaka maji yanakuja.

Akamgeukia Damari tena, akamwuliza jambo la mwisho: kibuyu alichokuwa anapelekea Anyitike uji kilikuwaje. Damari hakuhitaji kufikiri. Anyitike alikichora mwenyewe kwa waya wa moto. Alichora samaki, kwa sababu mwalimu alisema mto ukisafishika samaki watarudi.

Koplo akapanda peke yake mpaka kwenye shamba la vitunguu. Mwenyewe alikuwa kanisani. Koplo aliporudi, koti lake la polisi lilikuwa limefura upande mmoja.

Mchana aliwaita watu kwenye jiwe la kufulia. Alikuja jumbe, alikuja Mwalimu Yotamu, na Mika aliletwa na askari kutoka Mbeya, pingu mkononi. Mzee Eliezeri alikuja na kofia yake ya kanisani. Kwa hiyo Lea alikuwa migombani, kanga usoni, anasikia sauti tu. Watoto hawakualikwa, wote walikuwepo.

"Mzee wangu," Koplo akasema, "nirudie njia yako ya Jumamosi ile. Nimezeeka, nasahau."

Mzee akarudia. Kibandani, mkuyuni, Mika na jembe, jiweni, darajani, kanisani.

"Jiweni kulikuwa na mtu?"

Mzee akamtazama, akatazama jiwe. "Nadhani wanawake walikuwa bado."

"Lea alikuwa hapa tangu jua linachomoza."

"Basi alijificha, kama ilivyo adabu. Sikutazama."

"Asubuhi ya leo alijificha. Nguo ikaenda na maji, watoto wakacheka, mimi mwenyewe nikaona. Jumamosi ile hakushuka juu ya jiwe mpaka maji yanamfika. Alikuwa kichwa wazi, anafua. Mke wa mwanao, mzee, na wewe unapita pua kwa pua. Nani kijijini hapa atalisadiki hilo? Jumbe, wewe unalisadiki?"

Jumbe akatikisa kichwa. Watu wa Ilolesya wangeweza kusadiki kwamba mzee wa kanisa ameua. Kwamba Lea hakukimbia, hawakuweza.

"Hukupita hapa," Koplo akaendelea, sauti ileile ya chini. "Ulikuwa juu, kwenye banio lako. Kanisani ulikwenda kwa njia ya juu, baada ya kupitia tanuru la Mika na mzigo wa miti. Ungeiacha ichukuliwe na maji nisingekuwa na kitu. Lakini wewe hutupi kitu. Na Mika hukumwona na jembe, kwa sababu hukuwa mkuyuni."

Mika akasema kwa upole usio wa kawaida yake, "Mzee, mimi nilikula kwako Krismasi."

Mzee Eliezeri akakaa chini, palepale kwenye majani, kama mtu aliyekatwa kamba. Akaongea akiwa ametazama mikono yake. Alisema jua lilikuwa kali tangu mwezi wa saba, vitunguu vinakufa, akaweka mti mmoja, akaweka wa pili. Alitaka maji ya wiki moja tu. Kisha wanawake wakalalamika, baraza likaitwa, watu wakamgeukia yeye aseme, maana huwa anasema yeye. Akasema yale aliyosema. Baada ya hapo angelitoaje mbele ya watu? Akaotesha matete kulizunguka. Halafu watoto wakaanza kusafisha, kila Jumamosi wanapanda kidogo, na Jumapili ile mwalimu akasimama kanisani akatangaza kona ya matete.

"Nilisema nilitoe kabla hawajafika," akasema. "Kengele ilikuwa haijalia. Nilijua mtoni hakuna mtoto. Mungu wangu anajua nilijua hakuna mtoto."

Mwalimu Yotamu alikuwa amegeuka anatazama upande mwingine. Alikuwa amepata jibu lake, na halikumfaa kitu.

"Hakuna mtoto," Koplo akarudia. "Na Anyitike?"

"Anyitike hakufika kwangu siku hiyo."

Migomba ikasogea. Lea akatoka. Alikuja polepole mpaka mbele ya mzee, na hapo akashusha kanga kutoka usoni, akaishusha kutoka kichwani, akaiacha mabegani. Mama Tekla alimwita jina mara moja, kwa woga, kisha akaacha. Lea akamtazama baba mkwe wake machoni. Miaka yote aliyokuwa Ilolesya hakuwahi kumwona sura, na watu wanasema alimtazama kwanza kama anayetafuta pua ya mwanawe.

Mzee alivuta kofia yake mbele ya uso. Sasa yeye ndiye aliyekuwa anatafuta migomba.

"Baba," Lea akasema, "uji wa Jumamosi ulifika?"

"Haukufika, mwanangu." Sauti ilitoka nyuma ya kofia. "Ningemwona mtoto anashuka mtoni nisingegusa mti hata mmoja."

Koplo akafungua vifungo vya koti, akatoa kibuyu, akakiweka kwenye mikono ya Lea. Kilikuwa kitupu, kimesuuzwa, mdomo umezibwa kwa jani la mgomba lililokunjwa vizuri, tayari kwa mtoto kukichukua jioni. Lea akakigeuza mpaka samaki akatazama upande wa mzee.

"Kilikuwa kwenye nguzo ya kibanda chako," Koplo akasema. "Jumatatu ulininywesha nacho maji."

Kofia ikashuka. Mzee akamtazama samaki.

"Nilikiokota mtoni," akasema. "Baada ya maji. Mto ulikileta."

Lea alitazama daraja, pale chini, ambako gunia lilinasa. Akatazama matete, kule juu.

"Kibanda chako kiko juu, baba," akasema. "Mto huu unashuka."